Asilimia 45 ikifika mwaloni: utabiri wa tabianchi, nani aaminiwe na kwa kiasi gani

Neno lenyewe ndilo la kwanza kutuponza. Kwa Kiswahili, mtabiri ni mtu anayeyajua yajayo: mnajimu, mganga, nabii. Utabiri wa hali ya hewa ulipoingia redioni ulikuta kiti hicho kimeshakaliwa. Kwa hiyo mama anayeanika dagaa pale Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, mwalo ukiwa ni ufuko mitumbwi inaposhushia samaki, akisikia "utabiri", anasubiri utimie. Usipotimia, aliyeutoa ni mwongo, na atakapokuja mwakani na habari za mwaka 2050, ni nani atamsikiliza?

Kumbe Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, haitoi unabii. Inatoa uwezekano, na uwezekano huo una daraja zake. Chini ya neno moja tumefungia mambo manne tofauti: hali ya hewa ya leo usiku na kesho, mwelekeo wa msimu wa vuli au masika, makadirio ya miaka 30 hadi 80 ijayo, na maelezo ya kwa nini jambo fulani lililokwisha kutokea lilitokea. Kila moja lina rekodi yake ya kupatia na kukosea. Anayeyaamini yote sawasawa anakosea, na anayeyakataa yote sawasawa anakosea vilevile.

Swali linalosikika zaidi kando ya ziwa ni hili: kama hawajui kama kesho itanyesha, watajuaje ya mwaka 2050? Ni swali la haki na linastahili jibu kamili. Hali ya hewa ya siku moja inategemea mahali hasa wingu linapoanzia, na kosa dogo la mwanzo hukua haraka. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Edward Lorenz, alilionyesha hilo miaka ya 1960, na mpaka leo utabiri wa siku kwa siku hauvuki wiki mbili hivi. Tabianchi ni wastani wa siku nyingi mno. Hakuna anayejua kama tarehe 12 Aprili mwakani itanyesha Nyakato, lakini hakuna mkulima wa Magu anayekaa kusubiri mvua ya kupandia mwezi Julai. Anajua Julai ni kiangazi kwa sababu kinachoamua ni mwendo wa jua na pepo, mambo makubwa kuliko wingu moja. Kinachoongezeka angani sasa, hewa ukaa, nacho ni cha ukubwa huo. Kabla ya viwanda ilikuwa chembe 280 hivi katika kila milioni za hewa. Leo imepita 420.

Ziwa linalojitengenezea mvua

Kabla ya kuwalaumu wanaotabiri, ni vema kujua wanatabiri nini. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, kwa hiyo linaendesha hali yake ya hewa lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa hupanda juu ya nchi, upepo huvuma kutoka ziwani, na radi za alasiri hupiga bara. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, maji hubaki na joto, pepo za kutoka pande zote za ufuko hukutana katikati ya ziwa na kusukumana juu. Ndiyo maana mvua kubwa za radi ziwani hukomaa usiku wa manane hadi alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako nje na taa zao, hasa siku za giza ambapo mwezi hauwasumbui.

Sasa fikiria modeli ya dunia nzima, yaani programu ya kompyuta inayoiga mwenendo wa anga. Inaigawa anga katika masanduku, na katika modeli nyingi za tabianchi sanduku moja lina upande wa kilomita 100 hivi. Ziwa zima linaingia katika masanduku saba. Radi inayomzamisha mvuvi ina upana wa kilomita chache tu na huishi saa moja au mbili. Modeli hiyo haiioni. Inaikadiria kwa kanuni ya jumla. Modeli mpya zenye masanduku madogo, kama ile ya Afrika nzima ya kilomita 4.5 iliyotengenezwa Uingereza, huiona vizuri zaidi, lakini zinahitaji kompyuta kubwa mno na haziwezi kuendeshwa mara nyingi.

Kwa hiyo onyo la leo usiku hutegemea zaidi macho ya sasa hivi: setilaiti na rada ya Mwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba radi za alasiri nchi kavu huashiria kiasi gani usiku utakuwa mkali ziwani. Ukaonyesha pia kwamba joto likiendelea kupanda, mvua zile kali kabisa zitaongezeka zaidi juu ya ziwa kuliko katika nchi inayolizunguka. Habari hiyo ingepaswa kusomwa kwenye kila mwalo kuanzia Ukerewe hadi Sengerema.

Namba inavyopotea njiani

Tuifuate namba moja kuanzia inapozaliwa. Kabla ya kila msimu, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana chini ya ICPAC, kituo cha tabianchi cha kanda hii kilichoko Nairobi, na kutoa uwezekano katika mafungu matatu: juu ya kawaida, kawaida, chini ya kawaida. Tuseme kwa eneo letu namba ni 45, 35 na 20. Pasingekuwa na taarifa yoyote kila fungu lingepata 33 hivi. Kwa hiyo 45 maana yake mizani imeelemea upande wa mvua nyingi kidogo. Upo uwezekano wa asilimia 55 kwamba mvua haitazidi kawaida.

TMA nayo hutoa mwelekeo wake kwa kila kanda. Katika lugha yake, mvua "za wastani" ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi. Taarifa inatoka: "mvua za wastani hadi juu ya wastani." Redio inafupisha: "mvua kubwa zinatarajiwa." Kijiweni inafika: "El Niño inakuja." Hapo asilimia imekwisha kufa, na kilichobaki ni unabii. Mvua zikija za wastani, ambazo taarifa ya awali ilizitaja waziwazi, watu wanasema wamedanganywa. Nasi tunaoandika habari tuna sehemu yetu katika hilo. Kukata namba ili sentensi iwe fupi ni kumkata msikilizaji kitu pekee ambacho kingemsaidia kupanga.

Kuna tatizo la pili, baya zaidi kwa mkulima. Utabiri wa msimu husema jumla. Tuseme wastani wa vuli mahali fulani Kwimba ni milimita 350. Chochote kati ya milimita 263 na 437 kitaitwa wastani. Zikinyesha 350 katika siku 40, pamba inasimama vizuri. Zikinyesha 350 zilezile katika siku 12, zikiachana wiki tatu katikati wakati mche bado mchanga, shamba limekwisha. Kwenye karatasi utabiri umepatia, shambani umeshindwa. Ndiyo maana swali la kuuliza kwanza ni la mwanzo wa mvua na vipindi vya ukavu, na jumla ifuate. Kigezo kinachotumika sana katika kilimo ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, bila kufuatiwa na ukavu mrefu wa siku kumi hivi ndani ya mwezi wa kwanza. Mvua ya kwanza yenye kishindo mara nyingi haijatimiza sharti la pili, na mbegu nyingi zinateketea hapo.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawajaelezwa. Anayesema "asilimia 70" mara kumi, akipatia mara zote kumi, ana kasoro: alipaswa kusema asilimia kubwa zaidi. Mtabiri mzuri wa asilimia 70 hukosa mara tatu katika kumi. Ukimhukumu kwa mwaka mmoja, umemhukumu kwa kurusha shilingi.

Mwaka 2015 ulitufundisha hili kwa machungu. El Niño ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote zilizopimwa, maonyo yakatolewa, watu wakakumbuka mafuriko ya 1997, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki hazikupata mafuriko ya namna ile. Dharau iliyozaliwa hapo ilikuwa bado hai mwaka 2023. Nchini Kenya hata viongozi wa juu walitangaza mwezi Oktoba kwamba El Niño iliyosemwa haitakuja. Novemba mafuriko yakaua watu. Sababu ya tofauti kati ya miaka hiyo iko zaidi katika Bahari ya Hindi. El Niño ni maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, na Pasifiki iko mbali. Kinachosukuma unyevu kuja kwetu wakati wa vuli ni upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi kuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, hali wanayoiita dipoli chanya. Mwaka 1997 zilikuja zote mbili. Mwaka 1961 na 2019 dipoli ilikuwa kali hata bila El Niño kubwa, na vuli za miaka hiyo miwili ziliacha alama ziwani. Kwa hiyo ukisikia El Niño, uliza mara moja: Bahari ya Hindi inasemaje?

Madoa ya jua na kipimo cha ziwa

Wanaosema wataalamu waliwahi kukosea vibaya kuhusu ziwa hili wanasema kweli. Kina cha Ziwa Victoria kimepimwa tangu mwaka 1896. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alilinganisha vipimo hivyo na idadi ya madoa kwenye uso wa jua, yanayopanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Mistari miwili ililingana kwa namna ya kushangaza: madoa yakiongezeka, ziwa linapanda. Ilionekana ufunguo umepatikana. Kabla ya miaka ya 1920 kwisha, ulinganifu ukavunjika. Kisha kuanzia mwisho wa 1961 hadi 1964 ziwa likapanda kwa mita mbili na nusu hivi, na hakuna mzunguko wa madoa uliokuwa umelisema hilo.

Kosa la Brooks linatufaa sana leo, maana alikuwa na mistari miwili inayofanana lakini hakuwa na njia inayoonyesha kimoja kinamsukumaje mwenzake. Makadirio ya ongezeko la joto yalianzia upande wa pili. Kwanza ilijulikana kwamba hewa ukaa huzuia joto lisitoroke. Mwanasayansi wa Sweden, Svante Arrhenius, alifanya hesabu hiyo mwaka 1896, mwaka uleule ziwa letu lilipoanza kupimwa. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walikadiria kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu, dunia itapata joto la nyuzi mbili na ushee za Selsiasi. Manabe alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021 kwa kazi iliyotangulia ushahidi kwa miongo.

Je, makadirio hayo ya zamani yalipatia? Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Zeke Hausfather walichukua makadirio 17 yaliyochapishwa kati ya 1970 na 2007 na kuyalinganisha na vipimo vya joto vilivyofuata. Kumi yaliendana na vipimo. Walipoweka katika hesabu kiasi halisi cha gesi zilizotolewa badala ya kiasi kilichokisiwa, yakawa 14. Tofauti kati ya 10 na 14 inafundisha mengi: modeli inaweza kujua hewa ukaa itafanya nini, lakini haiwezi kujua wanadamu watachoma makaa ya mawe na mafuta kiasi gani. Ndiyo maana makadirio ya karne hutolewa kwa njia kadhaa zenye neno "kama", na kila mtu anayenukuu namba moja bila "kama" yake amefanya kilekile redio inachofanya na asilimia 45.

Kuhusu joto la dunia, basi, shaka haina msingi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliuweka mwaka 2024 katika nyuzi 1.55 hivi juu ya kiwango cha 1850 hadi 1900, mwaka wa joto kuliko yote iliyopimwa.

Pale sayansi yenyewe inaposita

Kuhusu mvua zetu mambo ni tofauti, na ni bora kusema wazi. Modeli nyingi zinaonyesha Afrika Mashariki ikipata mvua nyingi zaidi dunia ikizidi joto. Lakini kuanzia miaka ya 1980 kwa zaidi ya miongo miwili, mvua za masika katika sehemu kubwa ya ukanda huu zilipungua. Wataalamu wenyewe wanaliita fumbo, wameliandikia miaka mingi, na halijafunguka lote; miaka ya karibuni masika kadhaa zimekuwa kubwa tena. Kwa vuli, makubaliano ni makubwa zaidi kwamba zitaongezeka. Kwa mvua za kishindo, kwamba zitakuwa na nguvu zaidi, sababu iko wazi: hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, takriban asilimia 7 zaidi kwa kila nyuzi moja. Kwa jumla ya masika mwaka 2050, anayekupa namba moja kwa uhakika anakuuzia kitu.

Ripoti za IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi lililoundwa 1988, zina maneno ya vipimo: "yaelekea" maana yake uwezekano wa asilimia 66 au zaidi, "yaelekea sana" 90 au zaidi, "karibu hakika" 99 au zaidi. Yakitafsiriwa kwa Kiswahili yote huwa "wanasayansi wanasema".

Chukua kupanda kwa ziwa mwaka 2020, maji yalipomeza fukwe, mialo na nyumba kuzunguka ziwa lote. Mwezi Mei kiwango cha 1964 kilipitwa kwa kiasi kidogo, na Mei 2024 ziwa likapanda tena zaidi. Wengine walisema ni tabianchi, wakamaliza. Wengine walisema hata 1964 lilijaa, wakamaliza vilevile. Watafiti walioichambua hali hiyo, na kuchapisha mwaka 2024 katika jarida la Earth System Dynamics, walikuta kwamba ziwa lilipanda mita 1.21 ndani ya siku 180. Kadirio lao bora: mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa tukio kama hilo mara 1.8, na bila mabadiliko hayo ziwa lingepanda sentimita 7 pungufu. Wakaongeza kwamba shaka katika namba hizo ni kubwa kiasi cha kujumuisha uwezekano kwamba hakukuwa na tofauti yoyote. Sentimita 7 kati ya 121, pamoja na shaka yake: hiyo ndiyo sura ya jibu la kweli. Maji mengi ya ziwa, takriban asilimia 80, hutoka kwenye mvua inayoangukia ziwa lenyewe, na mvua ya vuli 2019 ilikuwa nyingi mno kwa sababu ya Bahari ya Hindi.

Upande wa pili, ziwa liliposhuka vibaya kati ya 2004 na 2006, ukame ulitajwa kuwa sababu pekee. Uchambuzi ulionyesha kwamba karibu nusu ya kushuka huko ilitokana na maji kuachiwa kupita kiasi kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda. Na hapa mjini, Mto Mirongo unapofurika, takataka zilizoziba mkondo na majengo yaliyousogelea vina hesabu yao ya kujibu. Kila jambo likitupiwa tabianchi, mwananchi anayeyaona mabomba yameziba kwa macho yake ataacha kuamini hata lile lililo kweli. Uharibifu huu wa imani wanaufanya marafiki wa sayansi wenyewe.

Swali la mama wa dagaa

Turudi Mwaloni. Swali "niamini au nisiamini?" lina jibu baya kila mara. Lenye faida ni: uwezekano wa kiasi gani unatosha kunifanya nichukue hatua? Hesabu yake ni ya kugawanya mara moja. Chukua gharama ya kujikinga, igawanye kwa hasara utakayopata usipojikinga. Tuseme kukodi turubai na vibarua wa kukusanya dagaa ni shilingi 15,000, na dagaa walioloana mchangani wanashuka thamani kwa shilingi 100,000. Jibu ni 0.15. Uwezekano wa mvua ukizidi asilimia 15, anua. Kwa mama huyu asilimia 20, ambayo jirani yake anaiita "haitanyesha", ni amri ya kuanua, na siku nne kati ya tano ataanua bure huku akipata faida mwisho wa mwaka. Anayefyatua matofali ya saruji, gharama yake ya kusimama ni kubwa na hasara ndogo, atasubiri asilimia 60. Mwenye mtumbwi hasara yake ni roho za watu, kwa hiyo kwake hata asilimia 5 ya dhoruba ni nyingi.

Hapo ndipo pia panapoeleweka kwa nini TMA hutoa maonyo mengi kuliko dhoruba zinazotokea. Ngazi zake ni tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Onyo lisilotimia linamgharimu mvuvi mafuta na usiku mmoja. Dhoruba isiyoonywa haina fidia. Anayetaka kujua kama maonyo yanazidi mno, na ahesabu: daftari lenye safu nne. Walionya ikatokea, walionya haikutokea, hawakuonya ikatokea, hawakuonya haikutokea. Miezi sita ya mwalo mmoja inatosha kuonyesha sura. Safu ya tatu ndiyo ya kupigia kelele; ya pili ina bei inayolipika.

Kwa mvua ya msimu, daftari linahitaji kipimo. Kopo la maziwa ya unga lenye kuta zilizonyooka linafaa. Ndoo iliyopanuka juu itakudanganya, maana maji ya mdomo mpana yanajikusanya kwenye kitako chembamba na kuonekana marefu. Ukiwa na ndoo tu, pima ujazo badala ya kina: mdomo wa sentimita 20 una eneo la sentimita za mraba 314, hivyo mililita 628 ni mvua ya milimita 20. Kifunge kwenye mti wa mita moja, ukingo wa kopo uwe juu ya kichwa cha mti ili matone yasirukie ndani, na kiwe mbali na mwembe au paa kwa angalau mara mbili ya urefu wa mwembe au paa hilo. Matone machache ya mafuta ya kula yanapunguza maji kukaushwa na jua. Soma saa 3 asubuhi, andika, mwaga. Siku isiyo na mvua andika sifuri, kwa sababu daftari lenye nafasi tupu haliwezi kutofautisha siku kavu na siku uliyosahau.